Sauti Iliyofutwa na Msimamizi wa Kundi

Lori la Kasenga lilifika katikati ya asubuhi, Jumamosi, siku ambayo depo ya mzee Pierre kando ya reli, mjini Lubumbashi, hujaa watu kuliko kanisa. Wapakuzi walipigiana kelele, wanunuzi wa jumla walisukumana mbele ya kaunta, na harufu ya samaki wakavu ilitanda juu ya magunia ya sukari na sabuni. Nyuma ya kaunta alisimama Godefroid Kambale, karani mkuu, kijana wa miaka thelathini na mmoja, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ukali. Mzee Pierre alikuwa baba yake mdogo. Ukoo wao ni wa wafanyabiashara Wanande wa Kivu ya Kaskazini, na mama yake Godefroid bado aliishi Goma.

Godefroid alikuwa amesoma miaka sita katika shule ya bweni ya mapadri. Huko, mwanafunzi aliyechanganya Kifaransa na Kiswahili katika sentensi moja alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake katika kosa hilohilo. Godefroid alikivaa kibao mara moja tu, juma la kwanza. Tangu hapo kila lugha aliiweka katika chumba chake, akafunga mlango.

"Papa, makarto yangu tatu iko wapi?" sauti ya msichana ilipenya zogo. "Chauffeur anasema ilishukishwa, mupakuzi anasema bado, na weye unaniangalia tu."

Godefroid aliinua macho. Msichana alivaa kikwembe cha rangi ya machungwa kilichofungwa juu ya suruali ya jinzi, simu moja mkononi na nyingine kwapani, na jasho likimtiririka kwenye kipaji cha uso bila yeye kujali.

"Jina?"

"Dorcelle Kunda. Nilikutumia message jana. Ile yenye photo."

Aliikumbuka. Alifungua simu ya depo akaisoma tena: *Bonjour papa, courage na kazi! Makarto yangu 3 ya Kasenga inafika kesho, svp muiweke kwa kivuli, ni bya kula hein. Natotela sana!* Kifaransa, Kiswahili cha mjini, na shukrani ya Kibemba mwishoni.

"Niliupokea ujumbe wako," alisema. "Sikuelewa umeandikwa kwa lugha gani."

"Kwa lugha ya kupata makarto."

Foleni nzima iliangua kicheko. Godefroid hakucheka. Alitoka mwenyewe nyuma ya kaunta, akayatafuta makartoni yale, akayabeba hadi kivulini, na shati lake jeupe likabaki na alama ya mafuta ya samaki ambayo haikutoka tena.

Dorcelle aliuza samaki na vikwembe kwa njia ya simu. Kila asubuhi alipandisha picha, na kila mteja alimwandikia kwa namna yake: mpishi wa kantini ya mgodi huko Kinsevere kwa Kifaransa, wanawake wa mpakani kwa Kibemba kilichokolezwa Kiswahili, wazee wa kwao kaskazini mwa Katanga kwa Kiluba. Baba yake, fundi wa reli mstaafu, alipenda kusema kwamba binti yake ana stesheni nne kinywani na treni haichelewi hata moja.

Mapenzi yao yalikulia katika simu. Godefroid aliandika Kifaransa cha aya kamili, chenye mkato na nukta mahali pake. Dorcelle alijibu kwa sauti, akiwa sokoni au jikoni. Jioni moja alimpigia akiwa na shangazi yake.

"Chéri, message yako niliisomea tantine Brigitte. Anauliza kama ni ya mapenzi ao ni ya tribunal."

"Nimekuandikia kwa kadiri ninavyokuheshimu."

"Najua, mupenzi. Uniheshimu na kucheka kidogo."

"Kucheka kunaandikwaje?"

"Unaona? Uko na mucheko ndani! Andika ile, sasa."

Hakuiandika. Lakini jambo ambalo Dorcelle hakulijua ni kwamba Godefroid alizihifadhi sauti zake zote, na alipokuwa akifunga milango ya depo alizisikiliza moja baada ya nyingine, hata ile ya kuulizia bei ya chumvi.

Mwezi wa kumi na mbili walikubaliana kuoana. Familia ya Godefroid ingekwenda kujitambulisha nyumbani kwa Dorcelle, mtaani Bel-Air, Jumapili ya pili ya Februari. Mama Agnès na Sephora, dada yake Godefroid, wangepanda ndege kutoka Goma. Godefroid alifungua kundi la WhatsApp, akaingiza watu thelathini wa pande mbili, akajiweka kuwa msimamizi pekee. Sheria aliziandika yeye: uvumi hauruhusiwi, matangazo hayaruhusiwi, na kila kilichovunja sheria alikifuta. Alijivunia usafi wa kundi lile kama mtu anavyojivunia ua lililofagiwa.

Kisha, mwishoni mwa Januari, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Depo ilipoteza sura yake kwa siku moja. Malori ya mashariki hayakuondoka. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Wafanyabiashara wa Kivu walijaa mbele ya kaunta bila kununua kitu, kila mmoja na simu sikioni, kila mmoja akisikia mlio uleule wa namba isiyopatikana. Simu ya Mama Agnès haikupatikana. Ya Sephora haikupatikana. Godefroid alipiga, akaweka chini, akapiga tena, mpaka mzee Pierre akamnyang'anya simu ili aipumzishe betri.

Katika kundi watu walimwaga kila kitu: sala za kunakiliwa, picha za vita vingine vya miaka mingine, sauti za watu wasiojulikana wakitangaza vifo. Godefroid alifuta. Siku ya kwanza alifuta jumbe kumi na saba. Siku ya pili hakuhesabu tena.

Asubuhi ya siku ya tatu Dorcelle alituma sauti ya dakika moja na kidogo. Godefroid aliisikiliza akiwa amesimama katikati ya wateja.

"Mama Agnès, wasingya! Bachauffeurs benu banasema njo 'merci' ya kwenu. Kama nimekosea, mucheke, mucheke kabisa. Ni miye Dorcelle, ule wa samaki. Mama, mulikula? Sephora alikula? Kama bunduki inapiga, mulale chini, musiangalie ku dirisha, hakuna film kule. Courage, mama. Samaki yenu ya Kasenga niliiweka ya pembeni, ata kama banalipa mara mbili siuzishe. Mutakuja mutakula mpaka mukatae. Vidye abalinde, mama. Miye niko hapa, siende fasi ingine."

Chini ya sauti ile Fils, binamu yake Godefroid wa Kinshasa, alikuwa tayari ameweka nyuso tatu za kucheka. Chini yake tena, mjomba mmoja, mtu wa vyeo, aliuliza kwa Kifaransa: huyu ni nani?

Damu ilimpanda Godefroid kichwani. Aliona nyuso tatu zile kama vidole vitatu vinavyomwelekea msichana wake. Lugha nne katika sauti moja, asante kwa Kinande na Mungu kwa Kiluba, na kicheko ndani yake, wakati nyumba yao haijulikani kama imesimama! Wangemwita mwanamke wa sokoni. Wangesema Godefroid amekosea kuchagua mke. Kabla saa haijaisha, alibonyeza sauti ile, akachagua kuifuta kwa wote, na mahali pake akaweka aya tatu za Kifaransa kwa jina la wachumba wote wawili, zilizoanza na masikitiko na kumalizika na matumaini.

Aya zile hazikuwa na kosa hata moja.

Dorcelle alikuwa akipima samaki wa mteja alipofungua simu na kukuta, pale ilipokuwa sauti yake, mstari mmoja wa kijivu: ujumbe huu umefutwa na msimamizi Godefroid. Kila mtu wa ukoo wake aliuona mstari huo. Tantine Brigitte, dada wa baba yake, ambaye kwa desturi ndiye angemtoa chumbani siku ya utambulisho na kumwonyesha kwa wageni, aliuona pia.

"Banakufuta na haujaingia bado mu nyumba yabo," alisema Tantine Brigitte. "Utaingia, utakuwa nini?"

Dorcelle alimaliza kupima samaki, akapokea pesa, akashukuru kwa Kibemba. Kisha akajitoa katika kundi. Baada yake walitoka watu tisa wa ukoo wake, mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Tantine Brigitte, ambaye kabla ya kutoka aliacha maneno: *Chers membres, la rencontre prévue est reportée à une date ultérieure. Merci.* Godefroid aliyasoma mara mbili: utambulisho umeahirishwa, tarehe haikutajwa. Katika Lubumbashi, shangazi anayekugombeza kwa Kiswahili bado anakuhesabu mwanawe. Akikuandikia Kifaransa kitupu, amekwisha kukutoa nje.

Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokewa. Aliandika barua ndefu, akieleza sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alama mbili za buluu zilionekana, naye akangoja. Jibu lilikuja saa ya chakula:

*Monsieur Kambale, j'accuse réception de votre message. Veuillez agréer mes salutations distinguées. D. Kunda.*

Barua ile ya kiofisi ilikiri kupokea ujumbe wake, ikatoa salamu za heshima. Ilikuwa safi. Ilikuwa kile hasa alichokuwa akimwomba kwa miezi minane, na ndani yake hapakuwa na mtu. Alitafuta mahali pa kugonga, hakuona mlango. Aliandika tena, akajibiwa vilevile, jina na salamu, kama mteja aliyechelewesha mzigo. Siku tatu alizunguka kati ya kaunta na stoo akiwa na simu mbili zilizomnyima: moja haikumpa mama, nyingine haikumpa Dorcelle. Wapakuzi walimkwepa. Aligombana na dereva juu ya muhuri, akagombana na mzee Pierre juu ya kitu ambacho wote wawili walikisahau kabla ya kumaliza kugombana.

Siku ya nne tangu aifute sauti ile, namba asiyoijua iliita.

"Godé? Ni mimi, Sephora. Tuko wazima! Sikia, simu ni ya jirani, iko na solaire. Mama anataka kusema."

Godefroid alishika kaunta. "Mama?"

"Iko wapi sauti ya ule mutoto?" aliuliza Mama Agnès, bila salamu.

"Mama, mko salama? Nyumba—"

"Nyumba iko na matundu, itazibwa. Nakuuliza sauti. Tulikuwa tumelala mu koridoo, siye na majirani, watu saba, godoro juu ya dirisha. Réseau ya simu ikakuja dakika tano tu. Sephora akafungua, ikasema: mulale chini, hakuna film kule. Godé, nilicheka! Watu wote balicheka, na risasi inapita. Aliniuliza kama nilikula. Tangu vita ianze hakuna mutu aliniuliza kama nilikula. Nikasema, Sephora, irudilie. Akairudilia. Kesho yake réseau ikarudi, tunatafuta, haiko. Wapi?"

"Niliifuta, mama. Niliwaandikia maneno mengine."

"Ile marefu? Sephora alisoma musitari moja, nikamwambia achunge betri."

Godefroid alilifunga daftari la depo.

"Nipatie ule mutoto," alisema Mama Agnès. "Solaire ya jirani iko mpaka jioni."

Aliondoka depo bila kumwambia mtu. Mvua ya Februari ilikuwa imenyesha, na barabara za Bel-Air zilijaa tope jekundu lililompanda mpaka kwenye pindo la suruali. Dorcelle alikuwa uani, kwenye kivuli cha bati, amevaa kikwembe cha buluu kilichopauka, nywele zimefungwa kitambaa, mikono imejaa magamba. Alikuwa akifunga samaki katika karatasi na wakati huohuo akizungumza na simu iliyowekwa juu ya ndoo. Alimwona. Alimaliza na mteja wake bila haraka.

"Monsieur Kambale. Bonjour."

"Nakuomba usiniite hivyo."

"Juu ya nini? Haina Français ya muzuri?"

Godefroid alijikohoza. Alikuwa amepanga maneno njiani. "Dorcelle, nimekuja kueleza mambo matatu. Kwanza, nia yangu. Nilifuta kwa kukulinda. Fils alikuwa anakucheka."

"Fils acheke! Nilibaambia bacheke. Njo ilikuwa kazi ya ile audio. Bantu banalia siku mbili, unafikiri nilituma juu ya kufaulu examen?"

"Na mjomba aliuliza—"

"Aliuliza ni nani. Ungemujibu: ni muke wangu. Maneno mbili, tatu. Ata Français iko nayo."

Dorcelle alitupa samaki mwingine kwenye karatasi.

"Sema kweli, Godé. Ulisikia haya, ulisikia aibu."

"Ndiyo."

"Haya ya miye?"

"Ya ile lugha. Si ya wewe."

"Ile lugha na miye ni kintu moja! Njo naamukia, njo nauzishia, njo nilikupendea. Ungeitoa, ungebakisha nini? Ulibakisha ule madame wa salutations distinguées. Ulimupenda?"

"Hapana. Alinitesa."

Kicheko kilitaka kumtoka Dorcelle, akakirudisha. "Muzuri mutu ateseke kidogo."

"Niambie nifanye nini. Nitasema kama wewe. Nitaandika kama—"

"Weye?" Sasa alicheka, kwa hasira. "Utatuchekesha bure. Sitaki useme sawa miye, Godé. Andika byako na mikato yako, nilizoea, ata niliipenda. Lakini usinifunge kinywa mbele ya bantu. Siku moja nitakuwa na batoto, banasema sawa miye. Utabafuta?"

Swali hilo lilimkuta Godefroid amesimama kwenye tope bila kinga. Aliona kibao cha mbao, akaona shingo ndogo isiyo yake. "Sitawafuta," alisema.

Dorcelle alifuta mikono kwenye kikwembe. "Jambo ya pili ni nini? Ulisema tatu."

"La pili nimelisahau. La tatu ni kwamba mama amepiga simu. Anakutaka wewe."

Karatasi ilimponyoka Dorcelle. "Mama Agnès? Iko muzima?"

"Mzima. Na Sephora."

"Banaishi?" Alikaa chini palepale, juu ya ndoo iliyogeuzwa, machozi yakamtoka papo hapo. "Banaishi, na unaniambia mwisho? Godé! Unafika na tope mpaka magoti, bantu bako bazima, na unaanza na introduction?"

"Nilitaka kufuata utaratibu."

"Utaratibu! Eh, Vidye wangu, ni mutu gani ule ulinipatia! Piga. Piga sasa!"

Alipiga. Alitaka kushika simu na kuwatambulisha, kwa kuwa Kiswahili cha Goma na cha Lubumbashi havifanani, lakini Dorcelle aliichukua mkononi mwake, akaweka sauti ya juu, akamwonyesha kartoni la samaki karibu na ukuta.

"Kaa pale. Usitafsiri kintu."

Alikaa. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kuonana walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Mama Agnès alichomeka Kinande kila aliposisimka. Dorcelle alijibu kwa chochote kilichokuwa karibu na ulimi. Walishindwa kuelewana kwa baadhi ya maneno, wakaulizana, wakacheka, wakaendelea. Godefroid aliyasikia makosa yote. Aliyahesabu mpaka akapoteza hesabu, midomo imefumbwa, mikono katikati ya magoti.

"Irudilie ile ya film na dirisha," Mama Agnès aliomba. "Jirani hapa hakusikia muzuri."

"Ile ilikuwa ya siku ile, mama. Leo niko na ingine."

"Mwanangu anasema alikufuta."

"Alinifuta, mama."

"Ule! Hata akiwa mudogo, ukimupa chakula alipanga maharagwe musitari kabla ya kula." Kisha sauti ya Mama Agnès ikabadilika, ikashuka. "Sikia, binti. Ndege hakuna. Njia hakuna. Sitakuja iyo Jumapili kukaa mbele ya wazazi wako, na sijui nitakuja lini. Nakuuliza mu simu, kwa haya. Unamutaka huyu?"

Dorcelle aligeuka akamtazama Godefroid: tope, shati jeupe, na uso wa mtu anayengoja matokeo yaliyobandikwa ukutani.

"Niko na hasira yake, mama. Nyingi."

"Sikuuliza hasira. Hasira hata mimi niko nayo. Nakuuliza kama unamutaka."

Laini ilianza kukwaruza. Sauti ya Sephora ilisikika kwa mbali ikisema kitu juu ya betri. Godefroid aliinuka nusu, akakumbuka, akakaa.

"Namutaka," alisema Dorcelle.

"Aló? Nini? Inakata—"

"Namutaka, mama!" Alipaza sauti mpaka watu wa ua wa pili wakanyamaza. "Nasema namutaka! Mama? Namutaka!"

Simu ilikuwa kimya. Aliiangalia, akaipulizia kana kwamba ina vumbi, akabonyeza namba upya. Haikupatikana. Akabonyeza tena.

"Alisikia?" aliuliza.

"Mimi nimesikia," alisema Godefroid.

"Haikukuwa yako, ile." Alipangusa macho kwa kiganja chenye magamba, akaja mpaka kwenye kartoni. "Songea."

Godefroid alisogea. Dorcelle alikaa karibu naye, akaweka simu katikati yao, akapiga Goma tena.